NFS: umeme ukirudi, dosie ya sauti inaonekana tupu (na siku zingine haiandikiki)

redaksio_bukavu aliandika:

Hamjambo wakubwa kwa wadogo. Niko Bukavu, Ibanda, kwenye redio ndogo ya mtaa. Kazi yangu ni sauti, ila fundi aliyetufungia mashini alihamia Kalemie, na sasa kila kitu chenye kebo kinaletwa mezani kwangu.

Tuna seva moja ya Debian 12 yenye diski ya nje ya USB (ext4). Humo mna vipindi vyote vya zamani, na ndimo redaksio inaweka ripoti kabla ya matangazo. Mashini tatu za Ubuntu zinaifikia kwa NFS (njia ya kugawana faili kwa mtandao). Ipo pia MacBook ya mwandishi mmoja. Hiyo haijawahi kuingia hata siku moja, kwa hiyo mwenyewe anatuletea kazi kwa kle (flash ya USB).

Umeme ukikatika halafu ukarudi, hujui utakuta nini. Mara dosie (folda) inafunguka lakini tupu kabisa. Ukiweka faili inakubali bila neno, kisha baadaye vipindi vya zamani vinarudi na kile ulichoweka hakionekani tena. Mara nyingine vitu vyote vipo, ila ukitaka kuandika unaambiwa "Read-only file system". Na mara nyingine ni "Stale file handle" mpaka uzime mashini uiwashe.

Mahojiano ya wamama wanaouza sambaza (samaki wadogo) pale soko la Kadutu yamepotea kwa njia hiyo ya kwanza. Wamama wale walitupa muda wao, na siwezi kurudi kwao kuwaambia waseme tena.

Kwenye /etc/exports (faili ya seva inayosema dosie gani igawiwe kwa nani) kuna mstari mmoja tu, ulioachwa na fundi:

```
/srv/sauti 192.168.10.* (rw,async,no_root_squash)
```

Nisaidieni.

---

mzee_kamalondo aliandika:

Pole sana mdogo wangu. Habari njema kwanza: mahojiano ya wale mama pengine hayajapotea. Usifute kitu, usifomati kitu, na kwa sasa watu wasirekodi ndani ya hiyo dosie.

Mstari huo mmoja una makosa manne, na mawili kati yake yanafichana, ndiyo maana umeishi muda mrefu bila kushukiwa. Lakini sitaki kubahatisha. Tuletee majibu ya hizi, zote kwenye seva, ukiwa root (msimamizi mwenye ruhusa zote):

```
exportfs -v
findmnt /srv/sauti
grep sauti /etc/fstab
crontab -l
getent hosts 192.168.10.21
```

Hiyo ya mwisho weka anwani ya mashini mojawapo ya studio.

---

redaksio_bukavu aliandika:

Asante Papa. Umeme umerudi asubuhi hii na dosie ni tupu, kwa hiyo umenikuta mahali pake.

```
/srv/sauti   192.168.10.*(sync,wdelay,hide,no_subtree_check,sec=sys,ro,secure,root_squash,no_all_squash)
/srv/sauti   <world>(async,wdelay,hide,no_subtree_check,sec=sys,rw,secure,no_root_squash,no_all_squash)
```

findmnt haikujibu kitu. fstab (orodha ya diski za kupachikwa) haina neno sauti. Kwenye crontab (kazi zinazojiendesha zenyewe) kuna:

```
@reboot sleep 60; mount /dev/sdb1 /srv/sauti
```

Na getent imejibu `192.168.10.21 studio2.lan`. Sijui hilo jina linatoka wapi, labda kwenye ruta.

---

mzee_kamalondo aliandika:

Ndiyo, linatoka kwenye ruta, na lina mchango wake kwenye shida zako. Twende polepole.

Angalia exportfs -v. Uliandika mstari mmoja, seva imesoma miwili. Sababu ni ile nafasi kati ya nyota na mabano. Kwenye exports ya Linux, mabano lazima yagusane na jina la mashini. Ukiachanisha, ni sawa na kuandika barua mbili: ya kwanza kwa 192.168.10.* bila masharti yoyote, kwa hiyo inapewa yale ya kawaida, yaani kusoma tu. Ya pili ni kwa dunia nzima, na hiyo ndiyo iliyopata rw (kusoma na kuandika) na no_root_squash. Tazama neno `<world>` hapo. Yeyote anayeifikia seva yako kwa mtandao anaweza kuandika, tena kama root.

Sasa nyota. Nyota kwenye exports imewekwa kwa ajili ya majina, mfano `*.lan`. Kwenye anwani za IP haifanyi kazi, na ukurasa wa man wa exports unaongeza kwamba inaweza kufanya kazi kwa bahati pale seva inapotafuta jina la anwani na kulikosa. Hilo "kwa bahati" ndilo linalowasumbua.

Siku ya kawaida ruta inajibu "huyu ni studio2.lan". Jina hilo halifanani na 192.168.10.*, basi studio2 inaangukia kwa dunia nzima, na inaandika vizuri. Siku umeme umekatika, seva imewaka kabla ya ruta haijawa tayari. Jina halipatikani, seva inalinganisha anwani yenyewe, nyota inakubali. Kuanzia hapo studio2 inahesabika kwenye ile barua ya kwanza ya kusoma tu, kwa sababu NFS inatazama mashini moja kwanza, halafu mtandao wa IP, halafu nyota, halafu netgroup, na dunia nzima mwisho kabisa, bila kujali ulizipanga vipi kwenye mstari. Hapo ndipo unapata Read-only.

Yaani mnaandika siku zote kwa sababu kosa la nyota linaficha kosa la nafasi. Ungesahihisha nyota peke yake ukaweka 192.168.10.0/24, mashini zenu zote zingekuwa za kusoma tu kila siku, na mgeni wa nje ya mtandao huo ndiye angeandika.

Halafu exportfs yenyewe inalalamika. Fanya `exportfs -ra` utaona maneno "No host name given with...". Yanaandikwa kwenye kumbukumbu za mfumo kila seva inapowaka, ila nani huzisoma.

---

kijana_wa_unilu aliandika:

Papa Kamalondo, hiyo ya seva kuwaka kabla ya ruta imenivunja mbavu. Lakini dosie tupu je? Hiyo si ya exports.

---

mzee_kamalondo aliandika:

Ni ya exports nusu, na ya cron nusu.

Diski inapachikwa na cron baada ya sekunde sitini. NFS haingoji cron. Inaanza kugawa /srv/sauti mara moja. Na kama diski haijapachikwa, /srv/sauti ni dosie ya kawaida tu iliyo tupu, juu ya diski ya mfumo. NFS haina habari, inaigawa hivyo hivyo. Mtu anaokoa mahojiano, yanakaa kwenye diski ya mfumo. Diski ya USB ikishapachikwa inakaa juu ya dosie hiyo na kuifunika. Vile vya chini havikufutwa, vimefunikwa tu.

Tena kernel (kiini cha mfumo) inakumbuka dosie iliyoanza kuigawa. Hata diski ikishapachikwa, mashini za studio zinaweza kuendelea kuandika chini mpaka mtu apige `exportfs -ra` au seva iwashwe upya. Baada ya hapo vile vishikizo vya zamani vya faili vinaelekeza kwenye diski nyingine, ndiyo Stale file handle yako.

Leo haikupachikwa kabisa kwa sababu nyingine: /dev/sdb1 si jina la kudumu. Kama kuna kle iliyochomekwa wakati seva inawaka, diski yako inaweza kuitwa sdc. Huyo mwandishi wa MacBook huacha kle yake kwenye seva?

---

redaksio_bukavu aliandika:

Huacha. Iko hapo hata sasa 😅

---

mzee_kamalondo aliandika:

Basi. Itoe, pachika diski kwa mkono, halafu twende tukatafute wale mama:

```
mkdir /mnt/chini
mount --bind / /mnt/chini
ls -l /mnt/chini/srv/sauti
```

Mount ya bind bila r (--bind, si --rbind) inakuonyesha diski ya mfumo peke yake, bila vilivyopachikwa juu yake. Utaona kilicho chini ya /srv/sauti wakati ya juu inaendelea kufanya kazi.

---

redaksio_bukavu aliandika:

Wakubwa.

```
-rw-r--r-- 1 1000 1000 412876844 ... sambaza_kadutu_mama1.wav
-rw-r--r-- 1 1000 1000 388104236 ... sambaza_kadutu_mama2.wav
-rw-r--r-- 1 root root  95220780 ... habari_jioni.wav
```

Na nyingine nyingi, zingine hata sikujua kama tulizipoteza. Diski ya mfumo ilikuwa imejaa asilimia 91 na nilikuwa najiuliza kimeijaza nini. Nimemwita mwandishi aje asikilize mwenyewe, amekaa na spika haamini.

Mzee Mungu akubariki. Nazihamisha sasa.

---

dada_wa_himbi aliandika:

Hongera kaka. Kabla hujatoa hiyo bind, ukishahamisha vyote, funga ile dosie ya chini isiandikwe tena na yeyote, hata root:

```
chattr +i /mnt/chini/srv/sauti
umount /mnt/chini
```

Diski ikipachikwa juu yake kila kitu kinaenda kawaida. Isipopachikwa, kuandika kunakataliwa, na mtu atalalamika mara moja badala ya kugundua mwezi ujao. Hapa Goma nawawekea hivyo wateja wote wenye diski za nje.

Kisha swali langu. Wageni wanaokuja studio mnawapa Wi-Fi? Wanapata anwani za 192.168.10 hizo hizo?

---

redaksio_bukavu aliandika:

Ndiyo dada, Wi-Fi ni moja tu, na neno la siri limebandikwa ukutani kwenye chumba cha kusubiri.

---

dada_wa_himbi aliandika:

Haya, basi usigawe kwa mtandao mzima. Taja mashini moja moja, na kwenye ruta kila mashini ipewe anwani yake isiyobadilika.

Halafu kuhusu no_root_squash. NFS ya kawaida (hiyo sec=sys unayoiona) haiulizi neno la siri. Mashini ya studio ikisema "mimi ni mtumiaji namba 1000", seva inakubali. Ikisema "mimi ni namba 0", root_squash inamgeuza kuwa nobody, ambaye kwa kawaida ni 65534. No_root_squash inamwacha awe root kweli juu ya diski yenu. Mtu mwenye laptop yake mwenyewe ni root wa laptop hiyo, hahitaji ruhusa ya mtu.

Na hata ukiondoa hilo, shida ya namba inabaki. Kwenye Ubuntu mtumiaji wa kwanza ni 1000 kila mahali. Mtangazaji kwenye studio1 ni 1000, fundi sauti kwenye studio2 ni 1000, mhariri kwenye studio3 ni 1000. Kwa seva hao ni mtu mmoja. Ukiunda mtumiaji wa pili kwenye mashini moja anakuwa 1001, na ghafla faili zake hazifutiki na mwenzake. Hapo ndipo watu wanaanza chmod 777.

Kwa dosie ya pamoja kama yenu mimi napendelea wote wawe mtu mmoja waziwazi: all_squash pamoja na anonuid na anongid. Unda mtumiaji mmoja kwenye seva, mfano `sauti` namba 1500, mpe diski yote, na kila anayeandika aandike kwa jina lake. Hutajua nani alifuta nini, kweli. Ila hata leo hujui.

---

montaji_kadutu aliandika:

Mimi ndiye fundi sauti wa redio nyingine hapa Bukavu, nafuata uzi huu toka mwanzo. Kwenye mengine yote nimekubali, ila async msiitoe jamani. Sisi tulijaribu sync, kuhifadhi WAV ya saa moja unakunywa chai unamaliza. Tuna ondilere (UPS, betri ya akiba), umeme ukikatika seva haizimi.

---

mzee_kamalondo aliandika:

Bwana Kadutu, switch yenu ni ya megabiti ngapi?

---

montaji_kadutu aliandika:

100. Ile ndogo ya bluu.

---

mzee_kamalondo aliandika:

WAV ya stereo, 44,100 kwa sekunde, biti 16, saa moja ni kama MB 635. Switch ya megabiti 100 ikijitahidi inapitisha MB 11 na kitu kwa sekunde. Hiyo ni karibu dakika moja hata ukiweka diski ya dhahabu. Nunueni switch ya gigabiti kabla ya kulaumu sync.

async inamaanisha hivi: studio inasema "andika hii na uhakikishe imefika diskini", seva inajibu "imefika" wakati bado iko kwenye RAM. Toka NFS toleo la 3 (RFC 1813, mwaka 1995) mashini inaweza kutuma data nyingi haraka bila kungoja kila kipande, kisha mwisho inatuma COMMIT, na inashika nakala yake mpaka seva ijibu kwamba COMMIT imekamilika. Seva ikifa katikati, mashini inatuma tena. Huo ni mpango mzuri sana, na async inauvunja, kwa sababu seva inadanganya kwenye jibu la COMMIT. Studio inatupa nakala yake, umeme unakatika, faili ina urefu sahihi lakini ndani mna kimya.

Ondilere yenu itakufa betri siku moja na hamtajua mpaka siku hiyo. Waandishi wa nfs-utils wenyewe walihamisha chaguo la kawaida kutoka async kwenda sync kwenye matoleo yote baada ya 1.0.0. Kwenye mji wenye delestaji (umeme wa kukatwa kwa zamu) sijadili.

---

montaji_kadutu aliandika:

Umesema Mzee. Hilo la faili yenye kimya ndani limewahi kututokea, tukasema ni mikrofoni. Ila bado nasema kwa faili ndogo nyingi sync inachosha, mtu akihamisha jingle mia tatu anaiona tofauti.

---

mzee_kamalondo aliandika:

Hapo una haki. Faili ndogo nyingi ni kazi ngumu kwa sync, kwa sababu kila faili inayoundwa inangoja diski. Zipige tar kwanza (zifunge kuwa faili moja), tuma hiyo moja, zifungue upande wa seva.

---

fundi_katuba aliandika:

Wa Lushi wenzangu nawasalimu. Mimi seva yangu ni FreeBSD (mfumo mwingine, si Linux), nawaomba anayesoma uzi huu asinakili mistari ya Linux kuiweka huko. Jina la faili ni lile lile, /etc/exports, lakini lugha ni nyingine. Hakuna mabano:

```
/tank/sauti -mapall=sauti -network 192.168.10.0/24
```

mapall ni kama all_squash, maproot ni ya root peke yake. Baada ya kubadilisha unafanya `service mountd reload`. Na mwenye ZFS (mfumo wa faili unaokusanya diski kwenye pool) asiguse exports kabisa, atumie `zfs set sharenfs=...`, ikae pamoja na diski yenyewe. Ninaipenda kwa sababu hiyo: pool isipopanda, haigawiwi. Hadithi ya dosie tupu inakuwa fupi.

---

kijana_wa_unilu aliandika:

Ni kwa nini Linux isifanye vile vile? Seva inajua diski haiko.

---

dada_wa_himbi aliandika:

Inaweza, ila lazima uiambie. Kuna chaguo linaitwa `mp`, kirefu `mountpoint`. Ukiliweka kwenye mstari, dosie inagawiwa tu ikiwa kweli kuna diski iliyopachikwa pale. Isipokuwepo, mashini zinapata kosa badala ya dosie tupu. Watu wachache wanalijua, na kwa diski za USB mimi siwezi kuishi bila hilo.

La pili, cron iondoke. Diski iingie kwenye fstab kwa UUID, namba yake ya kudumu (utaipata kwa `blkid`):

```
UUID=... /srv/sauti ext4 defaults,nofail,x-systemd.device-timeout=60s 0 2
```

Kwa njia hiyo kle ya mwandishi ikae popote inapotaka. nofail inaiacha seva iwake hata diski ikiwa imekufa, ili uweze kuingia kwa ssh uangalie. Na nfs-utils za sasa zina kitu kidogo kinachoiambia systemd (inayowasha huduma za seva) isiwashe NFS kabla ya diski zilizo kwenye fstab kupachikwa. Diski ya cron ilikuwa nje ya fstab, kwa hiyo ilipita pembeni ya ulinzi huo. Ukitaka kuwa na uhakika, `systemctl edit nfs-server` uandike:

```
[Unit]
RequiresMountsFor=/srv/sauti
```

---

redaksio_bukavu aliandika:

Nimefuata yote. Mstari mpya, angalieni kabla sijawasha:

```
/srv/sauti 192.168.10.21(rw,sync,no_subtree_check,mp,all_squash,anonuid=1500,anongid=1500) 192.168.10.22(rw,sync,no_subtree_check,mp,all_squash,anonuid=1500,anongid=1500) 192.168.10.23(rw,sync,...
```

Ni mrefu, naogopa kuweka nafasi mahali pabaya.

---

mzee_kamalondo aliandika:

Uko sawa, ila kuna njia fupi. Ukianza na alama ya kutoa, masharti yanakuwa ya wote wanaofuata kwenye mstari:

```
/srv/sauti -rw,sync,no_subtree_check,mp,all_squash,anonuid=1500,anongid=1500 192.168.10.21 192.168.10.22 192.168.10.23
```

Hakuna mabano, hakuna pa kukosea nafasi. Kisha `exportfs -ra`, na usiamini faili uliyoandika, soma `exportfs -v`. Ukiona `<world>` popote, rudi hapa.

---

redaksio_bukavu aliandika:

Hakuna `<world>`. Mashini tatu zinaandika. Tumezima umeme makusudi ukutani (mkurugenzi hakufurahi), tukawasha, diski imepanda kabla ya NFS.

Mawili yamebaki. Studio1 ndiyo inayopiga vipindi hewani moja kwa moja kutoka dosie hiyo. Seva ilipozimika, programu ya kupiga iliganda kabisa, hata kufunga haifungiki. Na seva ilipowaka, ls ilifanya kazi lakini kufungua faili kulichukua kama dakika moja na nusu. Nilidhani tumeharibu.

---

dada_wa_himbi aliandika:

Ya pili si uharibifu. Seva ya NFSv4 ikiwaka upya inawapa mashini muda wa kudai kufuli zao za zamani kabla ya kukubali mpya. Kwa kawaida ni sekunde 90. Unaweza kupunguza kwa `grace-time` na `lease-time` kwenye /etc/nfs.conf, mimi siipunguzi.

Ya kwanza: kuganda ndiyo tabia ya `hard`, ambayo ndiyo ya kawaida. Mashini inangoja seva hata milele. Watakuja watu kukuambia weka `soft`. Kwa dosie inayoandikwa, usiweke: muda ukiisha programu inaambiwa imeshindwa, na programu nyingi za sauti hazijui la kufanya na jibu hilo, unabaki na faili nusu. Kwenye fstab za studio weka hivi:

```
192.168.10.5:/srv/sauti /sauti nfs4 _netdev,hard,nofail,x-systemd.automount 0 0
```

Ila mashini iliyo hewani isitegemee NFS hata kidogo. Vipindi vya siku vinakiliwe kwa rsync kwenye diski yake ya ndani asubuhi na kabla ya kila habari, na programu ipige kutoka hapo. Redio haiwezi kunyamaza kwa sababu mtu amejikwaa kwenye kebo ya seva.

Na kwa kuwa mashini zenu zote zinaongea toleo la 4, zima la 3 kwenye /etc/nfs.conf hiyo hiyo:

```
[nfsd]
vers3=n
```

Ufungue mlango (port) mmoja tu kwenye ukuta wa moto, TCP 2049. Toleo la 3 linataka pia 111 na milango ya mountd na ya kufuli, fujo tupu. Jua tu kwamba `showmount -e` haitakuwa na maana tena. Uliza `exportfs -v` kwenye seva yenyewe. Wageni wa Wi-Fi nao wahamishie mtandao wao. Anwani ya IP yeyote anaweza kujivika akiwa kwenye waya mmoja na nyinyi.

---

redaksio_bukavu aliandika:

rsync nimeiweka, na ruta ilikuwa na Wi-Fi ya wageni tayari, haikuwashwa tu. MacBook nimeiongeza kama 192.168.10.24, inajibu "Operation not permitted".

---

fundi_katuba aliandika:

Hiyo ni ya zamani kama NFS yenyewe. Seva ya Linux ina sharti la `secure` (uliliona kwenye exportfs -v): maombi yatoke kwenye mlango ulio chini ya 1024, ambao kwa kawaida root tu ndiye anayeutumia. Mac inatumia milango ya juu. Wengi wanaweka `insecure` kwenye seva na kumaliza. Afadhali ubadilishe upande wa Mac:

```
sudo mount -t nfs -o vers=4,resvport 192.168.10.5:/srv/sauti /Users/Shared/sauti
```

Dosie /Users/Shared/sauti uiunde kwanza.

---

redaksio_bukavu aliandika:

Imeingia! Mwandishi ameweka kle yake mfukoni. Ila sasa kila faili anayoweka ina pacha lake, `._ripoti.wav`, la kilobaiti nne, na programu ya studio1 inajaribu kulipiga.

---

fundi_katuba aliandika:

Ni Mac inatunza maelezo yake pembeni. Kwenye rsync ya studio1 ongeza `--exclude='._*'` yasifike hewani. Yaliyopo kwenye seva yatazame kwanza:

```
find /srv/sauti -type f -name '._*' -print
```

Orodha ikiwa ni yenyewe tu, badilisha `-print` iwe `-delete`. Fanya ukiwa kwenye seva, usifanye kwa NFS, itakwenda haraka zaidi.